Madigadi ya Kushoto

Sehemu ya kumi na moja

Barua zenu zimefika. Mmoja ameniita mkatili kwa kukata hadithi pale mkono wa fundi ulipotua kwenye madigadi. Mwingine ameahidi kuja ofisini kwetu na rungu. Haya, rungu liweke chini, tuendelee.

Tulikuwa gereji ya nane, ile ndogo iliyojibanza nyuma ya ghala la mbao. Sindano, mshona viti vya magari, alikuwa amesimama kando ya gari lake la kale, rangi ya maziwa, taa mbili za mviringo, bampa zito la chuma. Fundi wa bodi, mzee mfupi wanayemwita Nyundo, alikuwa amekwangua rangi ya madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, mpaka chuma kikaonekana. Akapitisha kiganja pale palipowahi kuchomelewa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema:

"Aliyenyoosha hapa alikuwa fundi kweli."

Sindano alikwenda akafunga geti la gereji kwa kufuli, akarudi na ufunguo mkononi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi nini, mama?"

"Ni wewe uliyelinyoosha."

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa ajili ya matokeo ya mpira, ngoja nikupe kwa kifupi.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, Jumamosi moja jioni, gari hili lilimgonga mlinzi wa kiwanda akiwa kwenye baiskeli yake, likamwacha afe barabarani. Polisi waliokota vipande vya kioo na magamba ya rangi. Walipolifikia gari lenyewe, lilikuwa limeegeshwa ofisini kwa mwenyewe, Bosi, likiwa zima, limenyooshwa na kupigwa rangi. Bosi akaapa kwamba gari lile halikuwa likiendeshwa na mtu mwingine ila dereva wake. Dereva naye akaapa kwamba siku ya Ijumaa alitundika funguo na kofia yake ya kazi kwenye msumari wa ofisini, akapanda basi kwenda kijijini kumwuguza mama yake. Mama huyo alifariki kabla ya kesi kusikilizwa, na ushahidi wake akaenda nao. Mahakama ikamwamini mwenye gari. Dereva akala miaka minane jela.

Dereva huyo ni baba yake Sindano.

Gereji iliyoficha ajali ile haikupatikana. Ndiyo sababu Sindano alilitoa gari kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akafufua injini, kisha akaanza kuzunguka mji akisema anatafuta gereji nzuri ya kulirudishia bodi yake ya zamani. Alikuwa na kipimo chake. Amekulia kwenye magereji, anawajua mafundi. Hajazaliwa fundi wa kuisifu kazi ya fundi mwenzake. Mpelekee gari, neno lake la kwanza ni, "Nani alikuharibia hivi?"

Gereji ya kwanza walisonya. Ya tatu, fundi alicheka mpaka akawaita wenzake waje kuona. Ya tano waliuliza kama bati hilo lilishonwa na fundi viatu. Wote saba waliiponda ile kazi. Atakayeisifu, Sindano alijiambia, ndiye aliyeifanya.

Na sasa msifiaji huyu hapa, jasho linamtoka.

"Fungua geti, mama," Nyundo alisema. "Nina wateja."

"Baba yangu alifungwa miaka minane kwa sababu ya kazi yako nzuri."

Nyundo aliketi juu ya tairi. Mzee huyu hakuwa mwongo hodari. Uso wake ulikuwa umeshasema kila kitu kabla ya mdomo.

"Nililetewa Jumapili asubuhi," alisema. "Nikaambiwa limegonga ng'ombe."

"Ukaamini?"

"Kwenye bampa kulikuwa na nyuzi za kitambaa."

"Toka lini ng'ombe akavaa shati?"

Nyundo akainamisha kichwa.

"Gereji yangu ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu niifungue. Niliogopa. Baadaye nikasikia redioni kwamba dereva amefungwa. Nikasema basi, aliyekosa amepatikana. Aliyelileta si alikuwa dereva? Alikuja na kofia ya dereva, ameishusha mpaka kwenye nyusi."

Sindano alitoa picha ya baba yake mfukoni. Alikuwa na hasira ya kutosha kuangusha ukuta.

"Ndiye huyu?"

Nyundo aliiangalia picha, akaigeuza upande huu na ule.

"Siwezi kuapa kwamba ndiye, na siwezi kuapa kwamba siye. Sura za watu hazinikai kichwani, mama. Mimi naangalia gari. Gari nikiligusa mara moja, nalikumbuka mpaka naingia kaburini."

Hapo ndipo Sindano alipotulia. Msomaji, mwanamke mwenye hasira akipiga kelele, usiogope. Akitulia, tafuta pa kupita.

"Unakumbuka lilivyokuwa limebondeka?"

"Kila mkunjo."

"Basi nataka ulirudishe."

"Ndicho nilichokuwa nakuambia!" Nyundo alinyanyuka, amepata pumzi. "Nikikata hapa, nikachomelea bati jipya, nikalipiga puti kidogo ya kusawazisha, na msasa..."

"Hujanielewa. Wale saba niliwaambia nataka lirudi kama siku lilipotoka kiwandani. Wewe nataka ulirudishe kama siku lilipoingia hapa kwako."

Nyundo akamkodolea macho.

"Nilibonde?"

"Ulibonde."

"Mama, mimi maisha yangu yote nanyoosha. Sijawahi kubonda gari la mtu."

"Utaanza na hili."

"Nikubalie niende mahakamani badala yake. Nitasema yote."

"Utasema uliona kofia. Na kofia hiyo ni ya baba, itamtia hatiani tena." Sindano alimsogelea. "Sikiliza, mzee. Waliowahi kuliona gari hili likiwa limebondeka ni watu wawili tu, wewe na huyo mwenye kofia. Polisi walilikuta limeshapigwa rangi. Kwangu mimi mwenye kofia ni Bosi mwenyewe, na nataka aje mchana kweupe, mbele ya baba yangu, nimfunulie gari ghafla. Nataka nimtazame usoni."

"Halafu?"

"Halafu ataniomba radhi kwa magoti, na mimi sitampa."

Kabla Nyundo hajajibu, simu ya Sindano ikalia. Alikuwa mjomba.

Huyu mjomba ni mdogo wake mama, na kwa familia ile ni mtu wa kuombewa dua. Alikuwa karani kwa Bosi miaka ile, na ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi ya udereva. Shemeji alipofungwa, mjomba aliibeba nyumba nzima. Unga ulitoka kwake. Cherehani ya kwanza ya Sindano ilitoka kwake. Siku hizi ni meneja katika ofisi ile ile, na ndiye aliyemwandikia Sindano, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, orodha ya gereji saba bora mjini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umefikia wapi na hilo gari lako? Umepata fundi?"

"Nimepata."

"Yupi kati ya wale niliokuandikia?"

Sindano alimtazama Nyundo, akadanganya.

"Wa saba."

Si kwamba alimshuku mjomba. Mjomba anakaa ofisi moja na Bosi, na neno hutoroka mdomoni bila mtu kukusudia.

"Safi sana. Yule ni mtu makini."

"Mjomba, nina ombi. Mwambie Bosi aje kuliona gari lake la zamani. Jumamosi, saa tisa alasiri, nyumbani."

"Bosi? Aje nyumbani kwenu? Kwa baba yako?"

"Yaliyopita yamepita, mjomba. Mwambie linang'aa kama kioo. Uje naye."

"Una moyo mzuri, mwanangu," mjomba alisema.

Moyo mzuri! Angeuona moyo wenyewe saa ile, angeita zimamoto.

Nyundo alifanya kazi siku tatu. Pigo la kwanza alilipiga amefumba macho, kama mtu anayejing'oa jino mwenyewe. Baada ya hapo mikono ilikumbuka. Alikunja madigadi kuelekea ndani, akalisukuma bampa upande, akapasua kioo cha taa, akaacha boneti imeinuka kidogo pembeni. Kila baada ya muda alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama gari, akaguna, akaongeza pigo moja. Alipomaliza alinawa, akakaa mbali, hakutaka kulitazama tena.

"Ndivyo lilivyokuwa?" Sindano aliuliza.

"Ndivyo. Naapa."

Jumamosi asubuhi waliliendesha mpaka nyumbani, wakaliegesha uani, pua imeelekea ukuta, wakaacha nafasi ya watu kusimama mbele yake. Wakalifunika turubai. Nyundo alivaa shati safi, akajibanza pembeni karibu na pipa la maji. Sindano alikuwa amemkataza kufungua mdomo.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake, anatengeneza pasi ya jirani. Tangu atoke jela anatengeneza pasi, redio na feni. Usukani hajaugusa. Hata kiti cha mbele cha teksi hakai.

"Umemwita nani?" aliuliza bila kuinua macho.

"Utamwona."

"Mwanangu, mimi nimeshasamehe."

"Mimi bado, baba."

Mama alitoa kichwa kwenye mlango wa jikoni, akalitazama turubai, akarudi ndani. Tangu gari liingie uani asubuhi hakuwa amesema maneno kumi.

Saa tisa na dakika tano Bosi akaingia, mjomba nyuma yake amembebea mwavuli. Amezeeka Bosi, anatembelea fimbo, lakini kiburi chake bado kijana.

"Dereva," alisema, ndiyo salamu yake.

"Bosi," baba alijibu, akaendelea na pasi yake.

Sindano alisikia damu ikimchemka masikioni. Miaka minane jela, na mtu huyu hata jina la baba hakuona sababu ya kulitaja. Aliwapanga wageni mbele ya gari, migongo ukutani. Akashika pindo la turubai.

"Bosi, nilitaka ulione kama ulivyolijua."

Akavuta.

Macho yote yalienda kwenye gari. Macho ya Sindano yalibaki usoni kwa Bosi. Alisubiri uso ule upauke. Alisubiri fimbo itetemeke. Alikuwa ameisubiri dakika hii tangu ana miaka kumi na tisa, akaiota na kuishona kwenye kila kiti alichokishona.

Bosi akacheka.

"Hii ndiyo mnaita kufufua gari? Binti, umeibiwa mchana!"

"Hivi ndivyo lilivyokuwa Jumapili ile."

"Jumapili ipi?"

"Siku moja baada ya mlinzi kugongwa."

Kicheko kikakatika. Bosi alikasirika, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyepotezewa muda, haikuwa na hofu ndani yake.

"Kumbe mmeniitia hiki! Wiki ile nilikuwa safarini. Nilirudi Jumatatu nikalikuta limenyooshwa na kupigwa rangi. Hivyo ndivyo nilivyosema mahakamani, na leo nasema tena. Mimi gari hili sijawahi kuliona hivi hata siku moja. Umejibondea bati lako mwenyewe, unakuja kunitisha nalo mimi? Nani hapa anaweza kusema lilikuwa hivi? Nani?"

Sindano alikuwa amewashonea waongo wengi viti, anajua wanavyokaa. Mzee huyu alikuwa na roho mbaya, alikuwa na dharau, lakini alikuwa anasema kweli. Chuki ya miaka kumi na mitatu, yote imeelekezwa mlango usio wake.

Hapo ndipo mjomba alipotembea.

Alilipita bampa, akaenda ubavuni, akainama kwenye mlango wa kushoto. Akaweka kidole chini ya kitasa, akakivuta taratibu kuelekea nyuma, kwenye bati lililokuwa laini, lisilo na alama yoyote.

"Na hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea ndotoni. "Hapa mmesahau. Pedali ya baiskeli ilichana kutoka hapa mpaka mlango wa nyuma."

Kando ya pipa la maji, fundi mmoja alishindwa kujizuia.

"Ee, kweli bwana!" Nyundo alijipiga paji la uso. "Mchano wa mlango! Nilipiga puti siku nzima pale! Nimeusahauje?"

Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mjomba aliutoa mkono mlangoni kama aliyeshika sufuria la moto. Alirudi nyuma, akalizunguka bampa, akaenda mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mwavuli wa Bosi ulikuwa bado kwapani.

Baba aliiweka pasi chini.

"Shemeji," alisema, na hakupandisha sauti. "Pedali uliiona wapi?"

"Shemeji, mimi..."

"Gari lilikutwa limepigwa rangi. Wewe ulikuwa karani, ulikaa kando ya ule msumari. Uliapa mahakamani kwamba msumari huo ulikuwa mtupu, hauna funguo. Pedali uliiona wapi?"

Macho ya mjomba yakampita baba, yakampita Sindano, yakaenda mpaka mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama pale na sinia la chai.

"Dada," mjomba alisema. "Waambie wewe."

Wote wakageuka.

Sindano alisubiri mama aulize. Waambie nini? Mtu asiyejua kitu angeuliza hivyo. Mama hakuuliza. Aliliweka sinia kwenye ngazi, akaketi kando yake, akaanza kuvipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Alikuja kwangu analia," alisema. "Kofia yako iko mkononi mwake. Alikuwa amelichukua gari kwenda kumwonyesha mchumba. Nikamwambia alipeleke gereji, avae kofia ashushe, asitazamane na mtu. Nilidhani yataishia hapo. Sikujua watakushika wewe."

"Na waliponishika?"

"Mama!" Sindano alisema. Akafikiria unga wa mjomba, cherehani ya mjomba, orodha ya mjomba yenye gereji saba na ya nane haimo. Akafikiria miaka minane ya kupanga foleni kwenye lango la jela na chakula cha baba, yeye na mama, mama akilia njia nzima. Alimlilia nani?

"Alikuwa na miaka ishirini na mitatu," mama alisema. "Nilikuwa na mdogo mmoja tu."

Baba alimtazama mkewe muda mrefu. Nyundo alimvuta Bosi mkono taratibu, wakasogea pembeni wote wawili mpaka kwenye pipa.

"Na mimi," baba alisema, "nilikuwa na mke mmoja tu."

Akainuka. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akapita mbele ya binti yake bila kumwangalia, akaufungua mlango wa dereva. Aliingia, akakaa, akaurekebisha mgongo kama alivyozoea zamani. Akaufunga mlango kwa upole. Funguo zilikuwa zinaning'inia palepale zilipoachwa asubuhi.

"Shemeji," mjomba alisema. Kushoto kwake kulikuwa na rundo la tofali, kulia kwake kona ya ukuta. Mbele yake kulikuwa na bampa lililopinda na taa moja nzima inayomtazama. "Shemeji, tuongee."

Baba aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu.

Mama alikuwa anapiga mayowe. Sindano alikuwa hatua mbili tu kutoka mlango wa gari, mkono wake ungeweza kufika kwenye kitasa, na alipojiangalia aliona kwamba hajaunyoosha.

Baba akageuza ufunguo, gari likawaka mara moja.